Waliposikia Kongoi, Wakasema Kongo

Na wala si baridi iliyonisumbua, Baba. Nataka tuanzie hapo, kwa sababu Mama ameniambia kwamba hata ulipokuwa huwezi tena kuinuka kitandani, bado ulikuwa unamwuliza kila asubuhi, "Huyo mtoto kule Uingereza ana blanketi?" Blanketi nilikuwa nalo, Baba. Nilikuwa na lile koti la kijivu pia, ulilonishonea kwa Mhindi pale Kericho, refu mpaka vifundoni, ukasema nitakua nilijaze, na mimi nilikuwa nimeshamaliza kukua. Mtu aliyelelewa Silibwet, akachuma chai asubuhi majani yakiwa yamelowa umande, akapigwa na mvua ya mawe kikapu kikiwa mgongoni, huyo hashindwi na baridi ya Wazungu. Kilichonisumbua ni kitu kingine, na hakikuweza kuingia katika barua zangu. Zilikuwa zinasomwa na mwalimu wa kanisa mbele ya watu wote, na mambo mengine si ya watu wote.

Leo nitakueleza. Lakini ngoja kwanza, siwezi kuzuia kalamu, yenyewe inakimbia: Baba, nimeolewa!

Nimeolewa na ninafurahi mpaka naona aibu. Naamka asubuhi, nasikia mtu anapiga mluzi nje huku ananyoa ndevu mbele ya kioo kidogo alichotundika ukutani, na moyo wangu unaruka kama vile simjui ni nani. Anaitwa Mogaka. Ni fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai huku Kericho, na akirudi jioni ananukia chai iliyokauka na grisi, na mimi siku hizi nikipita karibu na kiwanda chochote, harufu hiyo ikinifikia, najikuta natabasamu peke yangu njiani kama mwehu. Ni mrefu. Akicheka anafunika uso kwa mikono yote miwili kama mtoto anayejificha. Juzi aliniletea maua ya chai, yale madogo meupe yenye kiini cha manjano, amejaza kofia yake nzima. Najua ungesema nini. Chai yenye maua ni chai ya mtu mvivu, mwambie akaipogoe. Nilimwambia hivyo hivyo, tena kwa sauti yako ile ya puani. Akacheka, akafunika uso, maua yakamwagika yote mlangoni, na mpaka leo sijataka kuyafagia.

Ninaandika kwa Kiswahili ili na yeye aweze kusoma. Kipsigis chetu anakijua cha utotoni, cha kuomba maziwa na kufukuza mbwa. Yeye ni Mgusii, Baba. Nikitaja jambo hilo siku hizi huwa natazama kwanza uso wa mtu kama utabadilika. Wako haungebadilika, hilo nalijua. Wa wengine umebadilika sana. Nitafika huko.

Unakumbuka asubuhi uliyonisindikiza mpaka kwenye basi? Akina mama wa kanisa walikuwa wanaimba, na mimi ndani ya koti lako natoka jasho kama mtu wa homa. Basi lilipowasha injini ukasogea dirishani, ukaniambia mambo mawili tu. La kwanza, "Soma." La pili, "Usijikunje." Nilidhani unazungumzia kiti cha basi. Nilipofika ng'ambo ndipo nikaelewa.

Chuo chenyewe kilikuwa cha sayansi ya nyumbani, katika mji wa viwanda ambao matofali yake yote yamekuwa meusi kwa moshi. Asubuhi ya kwanza nilipanga foleni ya uji. Mama mmoja mnene mwenye kofia nyeupe akanijazia bakuli, na mimi nikafanya ulivyonifundisha tangu nikiwa mdogo: nikapokea kwa mikono miwili, nikasema, "Kongoi." Lilitoka lenyewe. Kiingereza changu kilikuwa bado kimelala.

"Kongo?" akasema yule mama. "Oo! Kumbe umetoka Kongo!" Akamgeukia mwenzake aliyekuwa anagawa mayai. "Sikia, huyu katoka Kongo!"

Wasichana waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Nikasema hapana, mimi natoka Kenya, nilikuwa nasema asante. "Si ni kule kule tu, mpenzi?" akaniambia. Katika mji ule kila mtu huitwa mpenzi, Baba, hata asiyependwa.

Tangu siku hiyo nikawa Kongo. Kongo, pisha. Kongo, sufuria zile zinakungoja. Kongo, ni kweli kwenu mnalala juu ya miti? Wakati ule redio zao zilikuwa zimejaa habari za vita vya huko Kongo, kwa hiyo kila walipotamka neno hilo walikuwa na picha yao kichwani, na picha hiyo wakanivika mimi. Hata walimu. Mwalimu wa mapishi, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo, aliniambia kwamba Chebet linamkwama kooni, heri Kongo. Chebet, Baba! Jina dogo hivyo, jina ulilonipa kwa sababu nilizaliwa jua likiwa utosini! Mtu anayeweza kutaja majina ya keki za Kifaransa bila kupumua anakwama kwenye Chebet.

Sina ugomvi na Kongo. Ni nchi ya watu, ina mama na baba kama sisi, na kama ningezaliwa huko ningelibeba jina hilo kichwani kama taji. Lakini wale hawakuwa wananiita kwa jina la nchi. Walikuwa wananionyesha mahali pangu pa kukaa, na mahali penyewe palikuwa chini.

Maana mambo hayakuishia kwenye jina. Katika darasa la mapishi wanafunzi waligawiwa jiko, wawili kwa jiko moja. Sisi wa nje, mimi na msichana wa Sierra Leone na mwingine wa Singapuri, tukawekwa watatu kwenye jiko lenye tanuri bovu. Keki zetu zikitoka zimelala upande, mwalimu anaziinua darasa zima lione. Kanisani nilikaa kwenye benchi refu, na likabaki tupu huku na huku, hata Pasaka, watu wamesimama nyuma wamebanana. Likizo ilipofika nikatafuta chumba mjini. Dirishani kuna kibao kinasema chumba kipo. Nabisha, mlango unafunguliwa kidogo, naambiwa pole sana mpenzi, kimechukuliwa sasa hivi. Jumapili inayofuata napita pale pale naenda kanisani, na kibao kipo bado.

Hakuna aliyenipiga. Hakuna aliyenitukana tusi la kueleweka. Walikuwa wapole, Baba, wapole kweli kweli, na ndani ya upole huo wewe unapungua kidogo kidogo kila siku, mpaka unajikuta unaomba radhi kwa sababu umekalia kiti. Unakuwa mgeni ambaye kila mtu anajiuliza ataondoka lini. Karo umelipa sawa na wao, vitabu unasoma vile vile, unga unaokanda ni ule ule, lakini wao ni wanafunzi na wewe ni mtu wa kusaidiwa.

Lililoniuma kuliko yote ni dogo. Nilishindwa kusema kongoi. Ningepewa mkate, ningeshikiwa mlango, neno linapanda, linafika kwenye meno, nalimeza. Nasema la kwao. Hata nikiwa peke yangu chumbani, nikishukuru kabla ya kula, lilikuwa haliji. Walininyang'anya asante yangu. Sikujua kwamba mtu anaweza kuibiwa kitu kama hicho.

Halafu ukafa.

Subiri, naweka kalamu chini kidogo.

Telegramu ilikuja wakati wa chakula cha mchana. Msimamizi wa bweni alisimama mlangoni, akaita juu ya meza zote, "Kongo, kuna kitu chako hapa!" Niliisoma nimesimama, sahani mkononi. Msimamizi akanipa pole, akanishika bega, kisha akasema ni bahati mbaya kwamba mtihani wa kuoka ni kesho. Mwezi uliokuwa umepita msichana wa kwao alifiwa na bibi yake, akapewa ruhusa wiki nzima, na maua yakawekwa chumbani kwake. Nikauliza kama ninaweza kupumzika siku mbili tu. Akanijibu kwa upole ule ule, "Lakini wewe huwezi kwenda kuzika, ni mbali mno. Sasa utapumzika ili ufanye nini?"

Nilifanya mtihani, Baba. Wewe unashushwa kaburini kando ya chai yako, na mimi nakanda unga. Niliukanda mpaka ukawa mgumu kama ubao. Sikuweza kuacha.

Jumamosi yake nilikwenda kwenye ukumbi wa kanisa moja ambapo bibi wazee huwapa chai wanafunzi waliotoka nchi za mbali. Nilikwenda kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda. Bibi mmoja akanipa kikombe na kipande cha keki. Nilikuwa nakuwaza wewe, jinsi ulivyokuwa unapuliza chai hata ikiwa imepoa, nikapokea kwa mikono miwili, na lile neno likaponyoka. "Kongoi." Nikashtuka. Nikainamisha kichwa kungoja kicheko.

Nyuma yangu ikaja sauti ya mwanamume, nzito, sauti ya nyumbani kabisa, ikiitikia asante sana kwa lugha yetu. "Kongoi mising!"

Niligeuka keki ikiwa mdomoni. Huyo ndiye Mogaka, Baba. Ndivyo alivyoniona mara ya kwanza, mashavu yamejaa, macho mekundu.

"Wewe ni wa wapi?" akauliza kwa Kiswahili.

"Silibwet."

"Loo! Mimi ni mtoto wa kambi, shamba la chai la upande wa Kericho. Mama yangu alikuwa anawapelekea akina mama wa kwenu ndizi, wanampa maziwa. Mimi ndiye wa kubeba. Nikisahau kusema kongoi, maziwa yanarudishwa kwenye kibuyu mbele ya macho yangu."

Nikalia pale pale, kati ya wale bibi na keki zao. Hakuniambia ninyamaze. Alikishika kikombe changu kisimwagike, akasema, "Lia tu. Lia kwa Kipsigis, hapa hakuna wa kukusahihisha." Nilipoweza kuzungumza nikamweleza juu yako, na juu ya msimamizi, na juu ya Kongo. Akafunika uso kwa mikono miwili. Nilidhani naye analia, kumbe anacheka.

"Mimi kwenye karakana ya chuo chetu walinipa jina Maiko," akasema. "Mogaka eti ni kazi kulitamka. Sasa fundi mkuu akiita Maiko, namjibu, Maiko hajafika leo, akifika nitamwambia unamtafuta."

"Na wanafanya nini?"

"Wananikasirikia. Halafu wanasema Mogaka."

Nilimpenda hapo, Baba. Mama anataka kuamini ilikuwa baadaye, pole pole, kwa heshima. Ilikuwa hapo, mbele ya birika la chai, na wewe hujamaliza wiki kaburini. Usinikasirikie. Nadhani wewe ndiye uliyemtuma kwangu.

Jumatatu tukiwa darasani mwalimu wa mapishi akasema bila kunitazama, "Kongo, niletee siagi." Nikaendelea kukaa. "Kongo!" Wasichana wakageuka. "Kongo, leo husikii?" Nikasimama, na nilisimama wima mpaka nikaona vichwa vyao vyote kwa juu.

"Hakuna Kongo hapa, Madam," nikasema. "Kongo iko mbali sana. Hapa kuna Chebet."

Akavua miwani. "Ni mzaha tu, mpenzi."

"Mimi sijacheka."

Basi. Ni hayo tu niliyosema. Hakuna aliyepiga makofi, na siagi nilikwenda kuileta, kwa kuwa aliniomba tena kwa jina langu, akalitamka vibaya lakini akalitamka. Katika ripoti yangu waliandika kwamba mimi ni mkaidi na sina shukrani. Mimi, sina shukrani! Nilicheka mpaka msichana wa Sierra Leone akaja kuangalia kama niko mzima. Kuanzia hapo nikawa nasema kongoi kwa kila kitu, kwa sauti, kila asubuhi kwenye foleni ya uji, hadi siku moja yule mama wa kofia nyeupe akaacha mwiko juu ya sufuria, akaniuliza, "Lakini hebu niambie, maana yake ni nini?" Nikamwambia. Akawa mwekundu mpaka shingoni. "Siku zote hizi ulikuwa unanishukuru mimi?" Baada ya hapo kila nikifika mbele yake ananitangulia, "Kongoyi, Chebi." Hakulipata sawasawa hata siku moja na sikumsahihisha.

Ni yeye peke yake. Sitakudanganya kwamba wengine walibadilika. Hawakubadilika. Nilimaliza masomo, nikachukua cheti chenye jina langu lote, nikarudi.

Na nilidhani hayo yote nimeyaacha kule.

Mogaka alirudi miezi michache baada yangu, akapata kazi, akaja kuniomba. Koito, ile sherehe ya kuposa, ilifanyika nyumbani kwako, Baba, kwenye uwanja wako, na kiti chako sasa anakikalia Baba Mdogo. Wageni walifika wamependeza mno: baba yake Mogaka, mchumaji wa chai mpaka leo, suruali imepigwa pasi mpaka mkunjo unaweza kukata mkate, na mama yake na kikapu cha ndizi. Baba Mdogo akaagiza wawekewe benchi nje, upande wa zizi, juani. Wazee wetu wako ndani. Mursik ya Mama ikatolewa, yale maziwa lala aliyoyaweka kwenye kibuyu chenye mkaa kwa ajili ya siku hiyo hiyo, na wazee wetu wakanywa. Wageni wakapelekewa chai ya rangi kwenye mikebe ambayo hutumiwa na vibarua wa kupalilia.

Mogaka akapokea mkebe kwa mikono miwili. Akasema, "Kongoi."

Baba Mdogo, mlangoni, akaangua kicheko. "Sikieni! Mtu wa kambi, hata asante yetu amekuja nayo! Hebu sema tena, kijana. Sema tena tukusikie!"

Na wale wengine wakacheka, Baba. Nilikuwa chumba cha nyuma na kina shangazi, nimefunikwa leso, na nilikijua kicheko hicho. Nilikuwa nimekisikia kwenye foleni ya uji.

Najua msichana anayeombwa hatoki siku hiyo, wala hasemi. Nilitoka. Shangazi alinishika blauzi, akabaki na kifungo mkononi. Nikasimama uwanjani, katikati ya mlango na zizi, leso imeanguka.

"Baba Mdogo," nikasema, "kwa ajili ya neno hilo mimi niliitwa Kongo miaka miwili. Sikurudi nyumbani kuja kulisikia likichekwa hapa."

"Chebet, rudi ndani. Hujui mambo haya. Hawa ni watu wa kambi."

"Na Baba alikuwa mtu wa kambi."

Si siri, wote wanajua. Kabla watu wetu hawajaruhusiwa kupanda chai yao wenyewe ulilala kambini pamoja na Wagusii na Wajaluo na Waluhya, ukachuma chai ya wengine, na shati la Baba Mdogo la kwendea shule lilinunuliwa kwa mshahara wako wa kambini. Wewe ulikuwa unasimulia jambo hilo ukicheka, unatuonyesha jinsi Mgusii mmoja alivyokufundisha kupika matoke. Ni wao walioamua kulisahau mara tu ulipofunga macho.

Baba Mdogo alinitazama kama vile amepigwa na mtoto. Baba yake Mogaka, mzee yule mwenye busara, akanywa chai yake kidogo, akatazama zizi, akasema, "Ng'ombe mzuri sana huyu mwekundu." Sijawahi kumpenda mkwe kabla hajawa mkwe kama nilivyompenda yeye dakika hiyo.

Ndipo Mama akatoka. Alikuwa na kibuyu. Akaichukua mikebe ile mmoja mmoja, akamwaga chai kwenye nyasi, akawamiminia maziwa: mzee kwanza, kisha mama, kisha Mogaka. "Kunywa, mwanangu," akamwambia. Na Mogaka akasema lile neno tena, kwa sauti kubwa kuliko mara ya kwanza, na safari hii uwanja mzima ukalisikiliza.

Harusi tulifanya kanisani, mvua ikinyesha kwenye mabati mpaka mchungaji akawa anapiga kelele tuahidiane nini, na sisi tunapiga kelele ndiyo! Gauni nilishona mwenyewe. Keki nilioka mwenyewe, na haikulala upande! Mogaka alicheza ngoma vibaya sana, mama yake akapiga vigelegele hadi sauti ikamkauka. Mama alikuja. Shangazi alikuja, akanirudishia kifungo changu. Baba Mdogo hakuja.

Siku hizi nafundisha sayansi ya nyumbani katika shule ya wasichana. Nina watoto kutoka Sigowet, kutoka Soin, kutoka kambini, wa makabila yote. Siku ya kwanza sikuwafundisha kupika chochote. Nilimwomba kila mmoja atamke jina lake taratibu, nami nikalirudia mpaka yeye mwenyewe akasema, ndiyo Mwalimu, hapo umelipata. Ilichukua kipindi chote. Mwalimu mkuu alipita dirishani akafikiri tunaimba.

Sasa, Baba, hili ndilo lililonikalisha kuandika. Tangu harusi nimekuwa nataka kumleta Mogaka kaburini kwako. Nataka umwone. Baba Mdogo ametuma ujumbe kupitia Mama: mimi nije wakati wowote, lakini mume wangu asikanyage pale. Na kama lazima aje, apite kwa lango la ng'ombe, nyuma, wanapopita vibarua. Mama alinieleza hayo akikunja na kukunjua kitambaa chake, na miguu yake siku hizi inavimba, sikutaka kumwongezea uchungu. Nilipofika kwangu nikamweleza Mogaka.

Mogaka alisema, "Nitapita popote, Chebet wangu. Nitapita hata juu ya paa. Mimi nataka tu kumsalimu mzee."

Nikasema hapana. Huo ndio uliokuwa ugomvi wetu wa kwanza wa ndoa, na ugali uliungua. Nilimwambia ndivyo inavyoanza. Mara ya kwanza unapita nyuma kwa ajili ya upendo. Mara ya pili unapita kwa mazoea. Halafu watoto wako wanazaliwa, na hakuna anayehitaji kuwaambia, wanajua wenyewe kwamba lango la ng'ombe ndilo lao. Nimeshaishi hivyo katika nchi ya watu. Katika nyumba ya baba yangu sitaishi hivyo, wala mume wangu, wala mtoto wangu yeyote atakayekuja. Mogaka akaepua sufuria ya ugali ulioungua. Kisha akasema, "Basi nipigie pasi suruali kama ile ya baba yangu." Ah, Baba, jinsi ninavyompenda!

Kwa hiyo jua kwamba tunakuja. Hatuji kugombana. Tutakuja Jumapili baada ya kanisa, mchana kweupe, majirani wote wakiwa barabarani, mimi na yeye mkono kwa mkono, kwa lango la mbele ulilolijenga wewe. Baba Mdogo akisimama pale nitamwamkia kwa heshima zote, nitamwita Baba Mdogo, nitampa mkono. Mogaka naye atampa mkono. Akiupokea, vizuri. Asipoupokea, tutapita kando yake. Na akilifunga lango kwa mnyororo, tutakaa nje tuimbe, na kila jirani atakayekuja kuuliza nitamwambia: huyu ni mume wangu, Mogaka, ametoka Kericho kuja kumwona baba yangu.

Barua hii nitakusomea mwenyewe, yote, hata pale pa kulia. Lala vizuri, Baba yangu. Jihadhari na mizizi ya chai, Mama anasema imeanza kukusogelea. Mwezi huu hautaisha kabla hujamsikia mkwe wako akikusalimu.

Ni mimi binti yako,
Chebet